PICHA NA CHOO

Leo ni somo la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya choo, tena ya picha za choo. Najua wengine wenu wamekwisha kucheka. Chekeni kwanza, kisha tegeni masikio, maana jambo hili limewatoa machozi wazazi wengi, na katika bonde letu la Kilombero hawakosekani.

Tuseme yuko mama hapa Ifakara, upande wa Kibaoni. Mtoto wake wa kiume ana miaka saba. Ana nguvu, anakimbia, anapenda kuchezea maji mchana kutwa, lakini hasemi. Akiitwa jina hageuki. Hupanga vifuniko vya soda mstari mrefu mlangoni, na mtu akisogeza kimoja tu, mtoto hulia mpaka jioni. Na jambo linalomchosha mama kuliko yote ni hili: mtoto hajui kwenda chooni. Hujisaidia kitandani, uani, au nyuma ya ghala la mpunga. Mama amemchapa, haikusaidia. Amempeleka kwa mganga, mbuzi akaenda, haikusaidia. Amempeleka shule, akaambiwa, "Mrudishe akishajua choo." Basi mtoto yuko nyumbani, na mama naye yuko nyumbani, kwani nani atamwangalia?

Mtoto wa namna hii siku hizi twamwita mtoto mwenye usonji. Usonji si wazimu, wala si kuambukizwa, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyojengeka, hata mtoto akawa mzito wa kuzungumza na kuchangamana na watu, na kupenda mambo yake yaende vilevile siku zote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na hali hii. Hesabuni wenyewe kaya za mtaa wenu, mtaona kwamba jambo hili halipo mbali.

Sasa, njia mojawapo inayowasaidia watoto hawa kujua choo ni picha. Njia hiyo imetoka wapi? Ina mizizi miwili. Mmoja uko nchini mwetu, na mwingine umetoka ng'ambo. Tuanze na wa kwetu, maana wengi hudhani kila kitu huja na meli.

Twende nyuma miaka tisini hivi. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, walifika watu wa sinema. Kazi yao ilikuwa kujaribu kama sinema yaweza kuwafundisha watu wazima wa Afrika ya Mashariki. Fedha zilitoka Marekani, kwa shirika la Carnegie. Walipiga picha hapa hapa Tanganyika, wakachukua watu wa hapa kuwa waigizaji, na maneno wakayatia katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Kisha wakapakia mitambo katika lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini mpaka mwaka 1937. Sinema yao moja ilihusu safura. Ninyi mnajua safura: ni minyoo midogo inayoingia kwa nyayo za miguu, ikanyonya damu tumboni. Na mnyoo huu hutoka katika kinyesi kilichotupwa ovyo ardhini. Kwa hiyo, karibu tangu mwanzo, picha na choo vilifuatana katika nchi hii.

Kuna kisa ambacho walimu wa afya hukisimulia katika nchi nyingi za Afrika, na kila msimulizi hukiweka katika kijiji chake. Wanakijiji walionyeshwa sinema ya mbu. Mbu alijaa katika kitambaa chote, mkubwa kama ng'ombe. Mwisho mwalimu akawauliza wamejifunza nini. Mzee mmoja akasimama akashukuru, akasema, "Mbu wa huko kwenu ni wa kutisha kweli. Mungu ametuhurumia, wa huku kwetu ni wadogo." Watu wa mjini huwacheka wanakijiji kwa kisa hiki. Mimi humcheka mwalimu. Mzee alisoma picha barabara kabisa, kama ilivyokuwa. Aliyekosa ni yule aliyedhani kwamba picha hujieleza yenyewe. Likumbukeni jambo hili, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1973 ndipo Tanzania ilipofanya jambo kubwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya na viongozi wa vijiji, ilianzisha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi, chini ya mwembe au darasani, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu chepesi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Waliohudhuria wanakadiriwa kufika milioni mbili, na ninyi mnaosikiliza somo hili katika vikundi mnafuata nyayo zao. Mazungumzo hayakuishia hewani. Watu walishika majembe. Vilichimbwa vyoo mamia ya maelfu nchi nzima. Wazee miongoni mwenu bila shaka wanakumbuka viongozi wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Choo kiko wapi?"

Nisemalo sasa ni maoni yangu. Kampeni ile ilikuwa na faida kubwa mno, lakini iliuliza kama choo kipo; haikuuliza ni nani ndani ya nyumba asiyeweza kukitumia. Kizee asiyeweza kuchutama, kipofu, mtoto asiyeelewa maneno, hao walibaki na shimo lililochimbwa kwa ajili ya wengine.

Na hapa kwetu bondeni choo si jambo dogo. Mnaijua ardhi yetu. Masika, mto Kilombero hufurika, Lumemo nao huingia mjini, na shimo lililochimbwa kiangazi hujaa maji mpaka juu. Yaliyokuwamo hutoka yakatembea. Mwaka 1997 kipindupindu kiliingia Ifakara, na wachunguzi waliofuatilia wakaona kwamba miongoni mwa waliopatwa zaidi ni wale waliooga mtoni na wale waliokaa mbali na maji safi. Kwa hiyo mtoto mmoja anayejisaidia uani si aibu ya mama yake peke yake. Ni jambo la jirani pia, na la mto.

Ifakara ni mji uliozoea elimu ya afya. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa na hospitali yao hapa, ile ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 alikuja mtaalamu wa Basel, Rudolf Geigy, akaanza kuchunguza papasi wanaoleta homa. Mwaka 1957 ikajengwa maabara, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikafunguliwa chuo cha kufundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini. Katika mbegu hiyo ndimo ilimoota Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, ambayo malaria imeichunguza kama mkulima anavyolichunguza shamba lake.

Lakini kisa kinachofaa zaidi kwa somo letu kilitokea kule ng'ambo ya mto, juu Mahenge, kwa Wapogoro. Mnamo mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Aall, aliona kwamba huko kuna watu wengi wenye kifafa, nao wamefichwa. Watu waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Mgonjwa akianguka motoni, hakuna wa kumvuta. Wengi walikuwa na makovu ya moto mwilini, wakila peke yao, wakilala peke yao. Daktari yule akafungua kliniki, akatoa vidonge kila mwezi, na wagonjwa wakaanza kutoka vichakani. Kadiri walivyoonekana wanapona, ndivyo wengine walivyoletwa. Siku hizi uchunguzi umeonyesha kwamba kifafa cha Mahenge kina uhusiano na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wadogo wa mitoni.

Mbona nimeingiza kifafa katika habari ya usonji? Kwa sababu mwaka 1978 mtaalamu mmoja, Victor Lotter, alitoa taarifa ya safari yake katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Alitafuta watoto wenye usonji katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili, akaona wachache mno. Wengine wakasema basi, ugonjwa huu ni wa Wazungu. Lakini yeye alitafuta vituoni. Mtu angetafuta kifafa Mahenge kabla ya ile kliniki, kwa kuhesabu waliokuja mjini wenyewe, angepata wangapi?

Sasa mzizi wa pili. Neno ambalo sisi twaliita usonji liliundwa na mganga wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, mnamo 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi". Yeye alilitumia kwa ugonjwa mwingine wa watu wazima. Mwaka 1925 huko Moscow mwanamke aitwaye Grunya Sukhareva aliandika habari za wavulana sita wenye tabia ambazo leo tungezitambua mara moja, lakini maandiko yake hayakusomwa sana. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, akaeleza watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu, na huyo ndiye aliyesikika.

Baada ya hapo ilifuata miaka mibaya. Wataalamu wakubwa walisema kwamba mtoto amekuwa hivi kwa sababu mama yake ni baridi, hampendi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu kizima katika mwaka 1967 kikienda njia hiyo. Fikirini: mama amekesha na mtoto miaka mitano, kisha daktari amwambia, "Kosa ni lako." Sioni tofauti kubwa na yule jirani wa kwetu anayesema kwamba mama alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Mmoja ana shahada, mwingine hana, basi. Aliyeanza kuuvunja uongo huo ni baba wa mtoto mwenye usonji, Bernard Rimland, katika kitabu chake cha mwaka 1964. Alionyesha kwamba chanzo ni cha mwili, si cha mapenzi ya mama.

Mwingine alikuwa Eric Schopler. Huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1927, na familia yake ilikimbilia Marekani mwaka 1938 kwa kuwaogopa Wanazi. Alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina, na kuanzia mwaka 1966, pamoja na mwenzake Robert Reichler, alifanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni: aliwaita wazazi waingie darasani wawe walimu wenzake. Mwaka 1972 jimbo lile likaifanya kazi yao kuwa huduma ya jimbo zima. Schopler aliona kwamba watoto wengi wa namna hii hushika linaloonekana kuliko linalosemwa. Neno husemwa likapotea. Picha hubaki ukutani, mtoto airudie mara mia, nayo haikasiriki. Basi wakaanza kupanga siku ya mtoto kwa picha au vitu: hiki kwanza, kisha hiki, kisha hiki, mwisho. Na mambo ya chooni yakapangwa vivyo hivyo.

Wakati uo huo kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1971 Nathan Azrin na Richard Foxx, nao wa Marekani, walieleza namna ya kuwafundisha choo kwa haraka watu wazima wenye ulemavu wa akili waliowekwa hospitalini. Waliwanywesha vinywaji vingi ili haja ije mara kwa mara, wakawatuza kila walipofaulu. Hapo walifanya vema. Lakini aliyejichafua alikemewa na kulazimishwa kusafisha. Walimu wa leo wamechukua kutuza wakaacha kukemea, nami naona wamechagua sawasawa. Mtoto asiyeelewa anachotakiwa kufanya, ukimkemea atajifunza kukuogopa, na akikuogopa atajificha zaidi anapokwenda haja.

Hapa Tanzania elimu ya watoto wenye ulemavu ilianza na vipofu, Buigiri, mwaka 1950, wakafuata viziwi wa Tabora mwaka 1963. Watoto wenye ulemavu wa akili walingoja mpaka mwaka 1982, Shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Wenye usonji walikuja mwisho kabisa, wakapata kitengo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam pia. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wenzake. Kwa hiyo yule aliyesema, "Mrudishe akishajua choo," yampasa aisome sheria hiyo.

Jambo moja linatuhusu sisi watu wa malaria. Mwaka 2006 wachunguzi walitoa habari za watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walithibitika kuwa na usonji. Watatu kati ya hao 14 walikuwa wakikua vizuri, hata wakapatwa na malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Walipopona, usonji ukaonekana. Watoto watatu ni wachache, wala hatuwezi kusema kwamba malaria ndiyo mama wa usonji, kwani mara nyingi mtoto huzaliwa nao. Lakini mzazi anayesema, "Mwanangu alikuwa anasema, akaugua, akanyamaza," asipuuzwe kama mtu wa hadithi.

Turudi sasa Kibaoni, kwa yule mama wetu. Afanye nini?

Kwanza ampeleke mtoto hospitali. Mtoto aliyefunga choo huumia akienda haja, kwa hiyo huizuia. Mwenye minyoo au kichocho naye ana matatizo yake. Maumivu hayafundishwi kwa picha.

Pili, kwa juma moja aandike saa. Ninyi sasa mnajua kuandika, na hii ndiyo faida yake. Mtoto amekula saa ngapi, amekunywa saa ngapi, amejisaidia saa ngapi. Mara nyingi ataona kwamba haja kubwa huja muda si mrefu baada ya kula. Huo ndio wakati wa kumpeleka, si wakati mama anapokumbuka.

Tatu, picha zenyewe. Hapa kumbukeni yule mzee na mbu. Nimeona karatasi zilizochapwa, zina choo cha kukalia, cheupe, chenye mfuniko, na karatasi laini ukutani. Mtoto wa Ifakara anayechutama juu ya tundu atazitazama hizo kama mzee alivyomtazama mbu mkubwa: ni choo cha kwao, si cha kwetu. Na mtoto mwenye usonji hushika sana vitu vidogo vidogo kuliko sisi. Picha iwe ya choo chake, mlango wake wa bati au wa gunia, kopo lake lenye rangi ile ile. Simu za siku hizi hupiga picha, na mjini wako wa kuzichapa kwa bei ndogo. Asiye na simu achore kwa mkaa juu ya boksi. Na kama mtoto haelewi picha kabisa, mpe kitu chenyewe: kila mara kabla ya kwenda chooni, mtie kopo mkononi. Baadaye kopo litasema "choo" bila mtu kufungua kinywa.

Picha ziwe chache na zifuatane: kopo la maji, mlango, kuvua suruali, kuchutama, kutawaza, kuvaa, kunawa mikono kwa sabuni. Ya mwisho iwe kitu anachokipenda, kwa mfano kipande cha muwa, na hicho apewe hapo hapo, si jioni. Mama aguse picha, wafanye, aguse inayofuata, wafanye. Asihubiri.

Watoto wengine huogopa tundu. Ni jeusi, lina harufu, inzi wanatoka, na mtoto hajui mwisho wake. Msimvute. Siku ya kwanza afike mlangoni tu apewe muwa wake. Siku nyingine asimame ndani. Mwaweza kufunika tundu, au kumpa poti kwanza, na poti ikakaa chooni humo humo, kisha kinyesi kikamwagwa tunduni yeye akiona. Tundu la mtoto liwe dogo, au muweke kibao chenye nafasi ndogo juu yake.

Kuna taabu moja ambayo vitabu vya ng'ambo havikuiwaza. Hapa bondeni, msimu wa mpunga, jamaa wengi huhama nyumba ya mjini wakaenda kukaa shambani, katika vibanda na madungu, majuma au miezi. Mtoto aliyekwisha kujua choo cha nyumbani hufika shambani akarudi nyuma kabisa, kama aliyekuwa hajafundishwa kitu. Wazazi hukata tamaa hapo. Lakini hakusahau. Choo kimebadilika, naye alijifunza kile, si hiki. Kwa hiyo picha zitungwe katika kamba zihamishike, na picha ya mlango ibadilishwe kabla ya safari, aonyeshwe siku kadhaa. Kopo lile lile liende naye. Na masika, maji yakiziba choo mkalazimika kutumia cha jirani, fanyeni hivyo hivyo.

Itachukua muda gani? Kwa wengine majuma, kwa wengine mwaka na zaidi. Wengine watahitaji msaada siku zote. Kosa la siku moja lisafishwe kimya kimya, na kesho saa ile ile kopo lishikwe tena.

Sasa, walimu wa vikundi, gaweni makaratasi. Kila kikundi kichore picha saba za choo cha mmoja wenu, choo mnachokijua, na mlango wake ulivyo. Kisha mwonyesheni mtoto yeyote mdogo asiyehudhuria darasa, mumwulize anaona nini. Andikeni majibu yake kama alivyosema, hata akisema ni ghala la mpunga. Tutayasoma juma lijalo, saa hii hii.